Dini ya Kalenda

Nina mwenzangu mmoja kazini, mwandishi wa habari kama mimi, ambaye ni mlokole. Namaanisha mlokole wa kweli: Ijumaa anakesha kanisani mpaka alfajiri, na Jumamosi saa tatu yupo ofisini anahariri, macho mekundu, halalamiki. Namheshimu. Ila kila tukigusa mambo ya imani hunirushia neno lilelile. "Dada," huniambia, "wewe una dini ya kalenda."

Anachomaanisha nakijua. Nimezaliwa Rungwe katika nyumba ya Wamoravian, nikaolewa Iringa na Mkatoliki, kwa hiyo maisha yangu yote nimeishi ndani ya ratiba za sala zilizopangwa na wengine. Nyumbani kwetu siku ilianza na kijitabu cha maneno ya kila siku: mstari mmoja wa Agano la Kale, mmoja wa Agano Jipya, baba anasoma, sisi watoto tunasinzia. Huku ukweni kuna sala ya asubuhi, kuna Malaika wa Bwana saa sita mchana, kuna rozari jioni, kuna jumuiya Jumamosi. Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Kwa mwenzangu huyu, hiyo siyo sala, ni kusoma tangazo. Sala, anasema, ni pale moyo unapowaka, na moyo hauwaki kwa ratiba.

Ningeweza kucheka nikaishia hapo, maana na yeye mkesha wake ni kila Ijumaa, saa ileile, mwezi hadi mwezi, na kama hiyo siyo kalenda basi sijui kalenda ni nini. Lakini swali lake ni zito kuliko utani wangu. Anauliza hivi: mtu akitamka maneno ya upendo kwa Mungu huku moyoni hana kitu, je, huyo hasemi uongo? Wala si yeye wa kwanza kuuliza. Nabii Amosi alizikemea sikukuu za watu waliokuwa wakiwaonea maskini, Isaya vilevile, na Yesu mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake wasidhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikilizwa. Ukristo umekuwa na shaka juu ya mazoea tangu utoto wake. Sisi watu wa ratiba tunadaiwa jibu.

Nianze na kile kijitabu cha baba, kwa sababu kina jambo ambalo wengi tuliosomewa utotoni hatukuambiwa. Kilianzia Herrnhut, kijiji cha wakimbizi wa dini mashariki mwa Ujerumani. Agosti 1727 watu wa pale walipangana zamu, wanaume 24 na wanawake 24, ili pasiwe na saa ya mchana wala ya usiku isiyo na mtu anayesali. Zamu hizo zilidumu miaka mia moja. Yaani walioanza walikufa, watoto wao wakafa, na zamu bado inaendelea. Mei 1728 kiongozi wao, Nikolaus von Zinzendorf, alianza kuwapa neno moja jioni la kwenda nalo siku inayofuata. Toleo la kwanza kuchapwa lilikuwa la mwaka 1731, na mpaka leo kijitabu hutoka kila mwaka, kwa lugha zaidi ya 50.

Jambo lenyewe ni hili: ule mstari wa Agano la Kale hupigiwa kura. Unachotwa kwenye chombo, miaka kadhaa kabla ya siku yake. Wa Agano Jipya ndio mtu hukaa akauchagua ili uendane nao. Hakuna anayeangalia kama siku hiyo wewe utakuwa na harusi au msiba. Dada yangu alipofaulu kidato cha nne tulisomewa maombolezo. Asubuhi ya siku tuliyomzika babu tulisomewa shangwe ya mavuno. Baba akasoma vilevile, sauti ikamkatika katikati, akakohoa, akamaliza mstari.

Wamisionari wa kwanza wa Kimoravian, Theodor Meyer akiwa mmoja wao, walifika Rungwe mwaka 1891 na mazoea hayo wakaja nayo. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kuna watu wanapenda kusema kwamba utaratibu wa saa na kengele ulikuwa kitu cha Mzungu, kwamba sisi tulikuwa watu wa roho kupanda na kushuka tu. Sikubaliani nao. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba wakati wa wazee wetu ulipimwa kwa matukio na siyo kwa mshale wa saa, na akatoa mfano wa Wanyankole wa Uganda ambao asubuhi yao ni saa ya kukamua. (Ukiacha yale aliyosema kuhusu wakati ujao, ambayo wasomi wanamsulubu nayo mpaka leo.) Sasa kukamua ni nini kama siyo ratiba? Muulize mfugaji yeyote wa Tukuyu. Ng'ombe hasubiri ujisikie. Kiwele kikijaa kimejaa, uwe na furaha, uwe umegombana na mumeo.

Lakini kukamua ni kazi, na mwenzangu atasema sala si kazi, ni uhusiano. Sawa. Basi tuzungumzie uhusiano, na kwa hilo huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali: tuna salamu.

Mnyakyusa akikutana nawe asubuhi atakwambia "ugonile", umelalaje, nawe utajibu "ndaga". Iringa utasikia "kamwene", na jibu ni "kamwene". Na kote nchini kuna shikamoo. Maneno haya tunayasema mara ngapi kwa siku? Na ni mara ngapi tunayasema moyo ukiwa umewaka?

Mimi nilikuwa na baba mdogo ambaye alikuwa na ugomvi na baba yangu juu ya kipande cha shamba la migomba. Ugomvi ulifika baraza la kata, ukarudi, ukafika tena. Miaka mitatu. Katika miaka hiyo nilipita mbele ya nyumba yake karibu kila siku kwenda shule, na kila nilipomkuta nje nilisimama nikasema shikamoo baba, naye akajibu marahaba mwanangu, macho akiyaelekeza kwenye migomba. Moyoni sikuwa na heshima hata ya kujaza kijiko. Je, nilikuwa nasema uongo?

Sidhani. Salamu haitoi taarifa ya hali ya moyo. Ningemwambia "baba, nakupenda sana, nimekukumbuka", huo ungekuwa uongo mweupe. Shikamoo ilikuwa inasema kitu kingine: wewe bado ni baba yangu mdogo na mimi bado ni mwanao, hata kama leo siwezi kukutazama. Na ningepita kimya nikisubiri kwanza heshima irudi moyoni ndipo nisalimie, kimya hicho kingekuwa tangazo la vita, na kila mtu pale kijijini angelisikia. Wazee walipokuja kupatanishwa mwaka wa nne, hakukuwa na haja ya kuanza kutafuta njia ya kuzungumza. Njia ilikuwepo, imekanyagwa kila asubuhi na mtoto mwenye kinyongo.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa sala ya kila siku. Ni shikamoo. Ukiipima kwa kipimo cha ushuhuda, yaani kwa kuuliza "unajisikiaje sasa hivi kuhusu Mungu", itaonekana ya uongo siku nyingi. Lakini haikuwahi kudai kuwa ushuhuda. Anayesema Baba Yetu hatangazi kwamba leo anajisikia mwana. Anasimama mahali pa mwana. Hisia zikija zimkute pale. Zisipokuja, nafasi yake haijachukuliwa na mtu.

Na nitamrudishia mwenzangu swali lake kidogo. Pale ambapo kila ibada lazima moyo uwake, yule ambaye haukuwaka afanye nini? Nimehudhuria mikesha Mbeya mjini, maeneo ya Mwanjelwa na Soweto ambako makanisa yamepangana kama maduka, na nimeona watu waliofika kwa machozi ya kweli. Nimeona pia dada aliyekuwa anatazama huku na huku, amechoka, akaona wenzake wote wameanguka, na yeye akajilaza taratibu, akakunja vizuri gauni lake kwanza. Simcheki. Ibada ile haikumwachia mahali pa kusimama akiwa mtupu. Kudai hisia ndiko kunakomfanya mtu mkweli aigize.

Blaise Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17 aliyekuwa bingwa wa hesabu, alimshauri asiyeweza kuamini aanze kwa kufanya yale waaminio wanayofanya, maji ya baraka na Misa, na imani itafuata. Wengi humwona mjanja. Mimi naona alikosea kwa kuahidi kupita kiasi, maana imani wakati mwingine haifuati. Mwaka 2007 zilipochapishwa barua za Mama Teresa wa Calcutta, dunia ilishtuka kusoma kwamba karibu miaka hamsini, mpaka kifo chake 1997, alikuwa anasali bila kuhisi Mungu yupo. Kuna walioandika kwamba alikuwa mnafiki. Mtu aliyeamka alfajiri kwa miaka hamsini kumsalimia asiyemjibu, halafu akatoka kwenda kuosha wagonjwa, ukimwita mnafiki umebaki na neno gani la kumwita tapeli?

Hapa Iringa nimeliona jambo hilo kwa karibu zaidi. Jumuiya yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mpango huu wa jumuiya ndogo ndogo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele miaka ya 1973 na 1976, na sijui kama waliwahi kukaa kwenye kibaraza cha Kihesa mwezi wa saba, ukungu umeshuka, baridi inapenya kwenye kitenge mpaka mfupani, unasubiri mwenye nyumba afungue mlango. Mama mmoja wa jumuiya alifiwa na mwanawe wa darasa la nne. Homa ya siku tatu tu. Baada ya arobaini alirudi jumuiya. Akakaa karibu na mlango, rozari mkononi, midomo haitembei. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Zamu ya nyumba yake ilipofika, alitupokea, akatandika mikeka, akakaa karibu na mlango wake mwenyewe.

Muda mrefu baadaye tulikuwa tunachambua mboga pamoja kwenye shughuli, akaniambia bila mimi kumuuliza: "Mwaka mzima sikusali, mama. Nilikuwa nakuja tu. Nyie mlikuwa mnasali na mimi nilikuwa nimekaa humo ndani yake." Nikamuuliza kwa nini aliendelea kuja. Akasema Jumamosi ilikuwa inafika. "Ikifika nafanya nini? Mngekuwa mnaulizana mtu anajisikiaje, nisingerudi siku ya pili."

Nimelifikiria sana neno lile, "humo ndani yake", kwa sababu linaonyesha kitu ambacho mjadala wetu wa hisia unakisahau. Tunasema sala kana kwamba ni kitu kinachotoka ndani ya mtu. Yeye alikuwa anazungumzia kitu ambacho mtu huingia ndani yake. Nyumba haijengwi siku mvua inanyesha. Zile Salamu Maria zilizosemwa na wengine, kwa kuchoka, kwa kupiga miayo, Jumamosi mia kadhaa zilizotangulia ambazo hakuna aliyezikumbuka, ndizo zilizokuwa kuta.

Sasa nisijifanye kwamba nimemaliza, maana wazee wangu wenyewe wa Unyakyusa wana neno la kunipinga. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na miaka ya 1950 Monica alichapa vitabu viwili juu ya matambiko yao, kimoja cha matambiko ya ukoo na kingine cha matambiko ya jamii nzima. Jambo analolirudia ni hasira. Wanyakyusa waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa na kuharibu nchi, na kwamba tambiko linalofanywa na ndugu wenye kinyongo halifai kitu. Kwa hiyo kabla ya kuomba, watu waliseme. Kila mwenye neno alitoe. Kisha anayeomba huchukua maji mdomoni na kuyapuliza nje, ishara kwamba hasira imetoka.

Unaona ilivyo ngumu? Shikamoo yangu kwa baba mdogo, kwa kipimo hicho, ilikuwa maji niliyoyashikilia mdomoni. Mzee wa zamani angeniambia nisimame, niseme ninachofikiri kuhusu ile migomba, niteme, ndipo nimsalimie mtu.

Lakini tazama vizuri. Wazee hawakusema matambiko yaachwe mpaka mioyo itakate yenyewe. Waliweka hasira ndani ya tambiko, wakaipa saa yake na mahali pake. Kutema kulikuwa kwenye ratiba. Na hapo ndipo nimepata kipimo ambacho sikuwa nacho nilipoanza kubishana na mwenzangu: utaratibu ulio hai ni ule wenye nafasi ya mtu kusema ukweli mchungu, tena nafasi inayokuja kwa zamu hata kama leo hauhitaji. Zaburi ziko hivyo. Nyingi ni kilio, nyingine ni matusi kabisa, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 inaagiza watawa wapitie zote 150 kila wiki. Maana yake kila wiki, mwenye furaha analazimika kutamka maneno ya aliyetupwa shimoni. Anajifunza maneno kabla ya shimo. Yule mama wa jumuiya, nadhani, alikosa hilo. Rozari ilimpa kuta lakini haikumpa mahali pa kulia kwa hasira, akalifanya kwa kufunga midomo.

Utaratibu usio na nafasi hiyo ninao mfano wake, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo.

Wasomaji wa riwaya mnakumbuka *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Jina lenyewe ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria kwenye litania, na litania ndiyo sala ya kurudiarudia kuliko zote. Zakaria, baba wa Rosa, alimlinda binti kwa ukali, na binti alipotoka nje ya macho ya baba hakubaki na cha kushika. Ratiba ya hofu hudumu kadiri mlinzi anavyokuwa macho. Makanisani nako tunao akina Zakaria, siku hizi wanashika daftari. Daftari la mahudhurio, daftari la ahadi, daftari la jengo. Nia ilikuwa njema, watu wakumbukane, asiyeonekana afuatiliwe. Kisha daftari likageuka geti.

Mjomba wa mama yangu alifariki katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mbeya. Kanisa lake silitaji. Alikuwa mzee, miguu imekufa, kanisani hakuwa ameonekana karibu miaka miwili, na ahadi zake za miaka hiyo hazikulipwa. Familia ilipokwenda kutoa taarifa ya msiba iliambiwa imalize deni kwanza ndipo mtumishi aje. Ilikuwa saa nne asubuhi, kaburi limeshachimbwa, watu wametoka Kyela na Dar es Salaam. Vijana wa ukoo wakaanza kuchangishana pale chini ya mti, wengine wanatukana waziwazi. Mtu aliyeimba kwaya miaka thelathini anakombolewa kwa elfu kumi kumi.

Hela haikutimia. Na hapo likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nanyamaza. Akina mama wa mtaa wake, wanne au watano, walisimama wakaanzisha wimbo wa kutolea jeneza. Hawakuwa na kitabu. Wimbo ukaisha, mmoja akaanza somo, kwa moyo, lile linalosomwa kila msiba. Mwingine akaleta sala. Waliijua ibada yote ya mazishi kuanzia mlangoni hadi kaburini kwa sababu walikuwa wameiimba na kuijibu mamia ya mara wakiwa na watoto mgongoni. Walipofika kaburini, pale ambapo mtumishi hutamka maneno ya kutupa udongo, mama aliyekuwa anaongoza alinyamaza. Tukasikia upepo kwenye migomba. Akatazama wenzake, akainama, akachukua udongo, akayatamka yeye, mara tatu, sauti haikutetemeka.

Daftari lilikuwa utaratibu. Na kile walichokuwa nacho akina mama wale kilikuwa utaratibu. Ukiniuliza tofauti, naiona mkononi: kimoja kilikuwa kwenye karatasi ya mtu mwingine, kingine kilikuwa kimeingia mwilini mwao hata hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Nilimsimulia mwenzangu wa kazini. Alikaa kimya, kisha akasema, kwa haki kabisa, "Sawa dada, lakini nawajua wanaume wanaoongoza rozari kila jioni na kupiga wake zao usiku. Na wao imewaingia mwilini." Hapo sina jibu la kumnyamazisha. Salamu nzuri inaweza kufunika nyumba mbovu miaka na miaka. Ninachoweza kusema ni kwamba mke wa mtu huyo naye anaisikia rozari hiyo, na maneno yake yako upande wa mke; iko siku anaweza kuyatumia. Ni kidogo, najua. Kupigwa kunahitaji pia dawati la polisi.

Narudi kwa Benedikto, kwa sababu watu humdhania mtu wa chuma. Wana wake tunao tangu zamani: Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ilikuwa misheni yao miaka ya 1890 kabla ya Wakonsolata kutoka Italia kuichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na masista wa Imiliwaha kule Njombe wanaishi kwa kanuni yake mpaka leo. Sura ya 43 ya kanuni hiyo inashughulikia wachelewaji. Unategemea viboko. Kweli, adhabu zipo, mchelewaji anasimama mwisho wote wamwone. Lakini asiachwe nje, anasema Benedikto, maana akiachwa nje atarudi kulala, au atakaa apige soga. Aingie. Na kuna agizo jingine dogo: ile zaburi ya mwanzo ya sala ya usiku isomwe polepole sana, ivutwe, ili aliyechelewa kuamka apate kuwahi.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka peke yangu ndani ya basi, tumefika Makambako, abiria wa pembeni akanitazama. Jumuiya yetu inafanya vilevile, na hakuna hata mmoja pale aliyemsoma Benedikto. Saa kumi na mbili ikifika mwenyekiti hasubiri mtu, anaanzisha wimbo. Wimbo una beti nne. Zikiisha, akichungulia ukunguni akaona vitenge vinapanda kutoka bondeni, anaanza tena ubeti wa kwanza, na sisi tunafuata bila kuulizana. Kuna Jumamosi tumeuimba mara tatu. Yule mama aliyefiwa anakaa mbali, ng'ambo ya kijito, na siku hizi kabla ya kuja anampeleka mdogo wake marehemu kwa bibi yake. Huwa anaingia katikati ya mzunguko wa pili, anavua kandambili mlangoni, na kabla hajakaa anapokea ubeti pale pale ulipofika.